Masikio ya Lucille

Rosaire Ouellette alikuwa nusu kiziwi. Mitambo ya kiwanda cha karatasi ilimla masikio miaka yote aliyokitumikia, na alipostaafu wakampa saa ya ukutani na kumtakia heri. Mkewe Lucille, mpishi wa shule, alisikia kwa niaba ya wote wawili. Akiwa uani aliweza kujua maziwa jikoni yanataka kufurika.

Ndiyo maana waliponunua mashine ya kutafutia sarafu za kale hawakugombania kazi. Lucille alivaa hedifoni masikioni, asikie mashine ikilia penye chuma au shaba, na kuipitisha juu ya ardhi, kushoto na kulia, polepole. Rosaire alimfuata nyuma na sepetu. Msitu waliouzoea ulikuwa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, mahali palipokuwa mashamba enzi za mababu, kabla watu hawajahama na misonobari haijarudi kuchukua chake. Zilibaki kuta za mawe, mashimo ya misingi ya nyumba, na mitufaa iliyozaa bila mwenyewe. Mwenye msitu aliwaruhusu, mradi wafukie walipochimba.

"Rosaire! Njoo, huyu anaongea!"

"Anasema nini?"

"Anasema wewe mvivu. Chimba!"

Mara nyingi ulikuwa msumari. Lakini zipo siku ilipotoka sarafu ya shaba, pana, imeota ukijani. Lucille aliitemea mate, akaifuta kwa kidole gumba, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha waliketi ukutani wakila mkate na maharage baridi, wakibishana ni nani aliyeidondosha.

"Mlevi huyu, alitoboka mfuko."

"Mlevi gani! Bibi harusi, alikuwa anakimbia mvua."

Sarafu zao ziliwekwa kwenye kopo la biskuti. Hawakuuza hata moja.

Ugonjwa ulianza kwa maneno kumtoroka. Lucille alishika kijiko na kushindwa kukiita jina. Baadaye akaacha jiko linawaka, akatoka nje na viatu vya ndani kwenye theluji. Daktari alipotaja jina la ugonjwa, Rosaire alilisikia vizuri, na kwa mara ya kwanza alitamani uziwi wake ungekuwa kamili.

"Baba, usimpeleke tena porini," alisema binti yao Joline. "Utakuja kumpoteza huko."

"Ni hapa nyumbani anapopotea," alijibu Rosaire. "Kule akivaa vile vidude vyake anarudi kuwa yeye."

Na kweli alirudi. Mkono ulikumbuka kazi hata kichwa kiliposahau. Ila msitu si ghala, na siku nyingine haukutoa kitu. Ukimya ule ulimtisha Lucille. Aliangaza huku na huku, akaanza kulia na kumwita mama yake, aliyekwisha kuzikwa zamani. Rosaire alishindwa kuvumilia. Siku moja alimketisha ukutani na kikombe cha kahawa, akatangulia hatua chache kana kwamba anakagua njia, akazididimiza sarafu kadhaa za kwenye kopo udongoni na kuzifunika majani.

"Rosaire! Njoo, huyu anaongea!"

Alichimba huku machozi yanamlengalenga. Furaha ya mkewe ilikuwa ileile, mate yaleyale, kicheko kilekile. Basi ikawa ndiyo desturi. Sarafu ileile ilitoka ardhini leo na juma lijalo, na kila ilipotoka Lucille aliiona mpya na kuitungia mwenyewe mwingine. Rosaire, ambaye hakuwa amewahi kumficha mkewe hata chupa ya bia, akawa fundi wa uongo.

Kisha ukaja mwezi wa kumi, majani mekundu yametapakaa chini. Lucille alichukua kutoka shimoni sarafu yenye tundu, ambayo mtu wa kale aliivaa shingoni. Aliitemea mate, akaifuta. Kidole kikasimama.

"Hii ni yetu," alisema.

"Yetu vipi?"

"Niliipata mwenyewe, kiangazi kile Joline alipojifungua. Nilikuwa na koti la kijani." Alimtazama, na macho yake yalikuwa maangavu kama zamani. "Umeifukia wewe?"

Angeweza kukana. Lakini yule aliyekuwa anamuuliza alikuwa Lucille mwenyewe, na Rosaire alikuwa amemkosa muda mrefu.

"Ndiyo."

"Na zile nyingine?"

Rosaire alianza kulifukia shimo kwa sepetu.

"Kumbe nimekuwa nikishangilia vitu vyangu mwenyewe, nawe umesimama hapo unanitazama."

"Nilitaka ufurahi, mke wangu."

"Najua." Alivua hedifoni. "Lakini sasa nimejua ugonjwa umenifikisha wapi."

Akakaa chini kwenye majani, akalia. Kilio cha nyuma kilikuwa cha hofu. Hiki kilikuwa cha mtu mzima anayejua anachokililia, na Rosaire hakuwa na pa kukishika.

Kesho yake alikuwa amesahau yote. Rosaire alimshukuru Mungu moyoni. Lakini alipoitungua mashine kwenye msumari wake, Lucille alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ondoa kitu hicho."

"Kimekukosea nini?"

"Sijui. Kinanitia aibu."

Kumbukumbu ilikwenda, jeraha likabaki. Hakukigusa tena kile kifaa, wala hakukanyaga tena msituni.

Majira ya baridi yalipokaza, Joline na baba yake walimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Rosaire alikwenda kila siku. Lucille alimpokea kwa heshima, kama mgeni, akamwita bwana.

"Bwana," alimnong'oneza siku moja, "kuna mtu alinicheza shere huko msituni."

Rosaire alimwinamia karibu. "Nani huyo?"

"Simjui. Ila mume wangu akija, nitamshitakia. Rosaire hapendi mtu anionee. Atamkomesha."

Alitumaini amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

"Mwambie," alisema. "Mwambie yote, Lucille."

"Umejuaje jina langu?"

Muuguzi alikuwa ameleta supu ya njegere. Rosaire alichukua kijiko, akakipulizia, akamlisha mpaka bakuli likaisha, na Lucille, mtu wa adabu tangu zamani, akamwambia asante kwa kila kijiko.