Kuketi Mbele ya Mbwa

Nilipoolewa Dagoretti, miaka ya hamsini ikianza, niliogopa vitu viwili: mama mkwe wangu na mbwa. Mama mkwe nilimwogopa kwa sababu hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumwona akiogopa chochote. Mbwa niliwaogopa tu tangu utotoni, bila sababu.

Miezi mitatu baada ya harusi, goti la mama mkwe lilivimba. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mboga kwenye nyumba za Wazungu kule Hurlingham, na nyumba moja peke yake ilichukua nusu ya mzigo.

"Ukikosa siku mbili, mpishi wa pale atachukua kwa mwingine," aliniambia huku akinirekebishia mshipi wa ngozi kwenye paji la uso. "Usiniharibie, mwanangu."

Nilijua hakuwa akisema habari za kabichi tu. Bibi harusi hupimwa kwa mzigo.

Kama hujawahi kubeba kwa mshipi, nikueleze: mzigo unalala mgongoni, shingo inavuta mbele, macho yanatazama vidole vya miguu. Kwa hiyo kibao cha "Mbwa Kali" sikukiona. Nilikuwa nimeshaingia langoni na kufika katikati ya njia niliposikia mngurumo. Nikageuka nikimbie. Nani hukimbia na kabichi kumi na mbili mgongoni? Nilianguka kifudifudi, kabichi zikabingirika hadi barabarani, na mpishi, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya mwenye aproni nyeupe, akatoka jikoni akicheka huku ameshika ukuta.

"Dada, ukikimbia hivyo hata mimi nitakufukuza!" alisema akimshika mbwa ukosi. "Leo nachukua hivi hivi. Kesho ulete mpaka jikoni, na zisiwe na mchanga."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Nilijikasirikia mimi, halafu mbwa, halafu mpishi na meno yake. Kukimbia siwezi, nikawaza, na kurudi nyumbani na mzigo siwezi. Basi mwenye mzigo anaweza nini? Anaweza kuketi. Ndivyo tunavyotua sisi: unashuka taratibu mpaka mzigo uguse ardhi nyuma yako, ndipo unachomoa kichwa kwenye mshipi.

Kesho yake mbwa alipokuja mbio, nikaketi pale pale njiani. Kabichi zikanilinda mgongo, nami nikamkazia macho. Sisemi uongo, nusura nijikojolee. Mbwa akasimama hatua mbili kutoka nilipoketi, akabweka, akanizunguka, akanusa kabichi, akachoka. Nikainuka, nikatembea kidogo. Akaja tena, nikaketi tena. Niliketi mara tano kabla ya kufika jikoni. Siku iliyofuata, mara tatu. Hofu haikuniacha hata siku moja, lakini mboga zilifika.

Wiki ya tatu goti lilipona. Mama mkwe akaniuliza kama mpishi alikuwa akitoka upesi nikimwita.

"Nikimwita wapi, Mama?"

"Si barabarani? Mimi humwita nikiwa ng'ambo ya barabara, anakuja kuchukua." Akatazama chini. "Lango lile sijawahi kulivuka. Yule mbwa ataniua, mwanangu."

Damu ilinichemka. Yule mpishi mjanja, kumbe alikuwa amejipatia mtu wa kumpunguzia safari! Na huyu mama, kwa nini hakunionya? Nilifungua mdomo nimwulize, nikaona alivyokuwa akiona haya, mama mzima mbele ya mke wa mwanawe. Nikaufunga.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda wawili, kila mtu na mzigo wake. Nilimwambia siiti mtu kutoka barabarani, tunaingia. Langoni akanishika gauni kwa nyuma. Mbwa akatokea pembeni mwa nyumba, anakuja mbio.

"Keti, Mama," nikasema.

Sikuwa nimewahi kumwamuru. Akaketi.