Kopo la Mzee Hafidh

Bi Shatha alikohoa moshi wa kuni miaka thelathini kabla mumewe, Mzee Hafidh, fundi bati wa Jadida, hajaliona tatizo. Akaunda jiko: akatia kopo la maziwa ndani ya kopo kubwa la rangi, akaacha nafasi katikati, akatoboa matundu chini na mengine karibu na ukingo. Hewa ikawa inapanda katika nafasi hiyo, ikipata joto, na kuuchoma moshi kabla haujatoka. Vijiti vichache viliivisha wali.

Siku ya nne jirani yao, Mwanakhamis, alipiga hodi na bakuli la mihogo ya nazi.

"Bi Shatha, siku tatu hatuoni moshi kwenu. Nikasema hawa hawana cha kupika, na wewe nakujua, huombi."

Mzee Hafidh akaeleza habari ya matundu. Mwanakhamis alimsikiliza kwa upole, kama asikilizwavyo mwenye homa.

"Usione haya, Mzee. Hata sisi juzi tulilalia chai."

Bi Shatha akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikaisha chenyewe, bila kukohoa hata mara moja. Kisha akawasha jiko, maana bakuli la watu halirudishwi tupu. Mwanakhamis akakaa kusubiri, akilitazama paa aone moshi utatokea wapi.