Mkono Uliokula Kuliko Mwenzake

Mungu alimpa Vagheni mikono miwili inayolingana, kama anavyompa kila mtu. Ni mji wa Oicha, huku mashariki ya Kongo, uliokuja kuiharibu. Vagheni ni menuisier, fundi seremala, na kule Oicha, miaka hii, menuisier hatengenezi tena makabati. Nani aagize kabati? Aweke nini ndani? Na kesho wakikimbia, atalibeba kichwani? Vagheni anatengeneza masanduku, na nikisema sanduku, kila mtu wa kwetu anajua kwamba si la nguo.

Umeme hakuna, mashine hakuna. Kuna msumeno na randa, na vyote viwili anavisukuma kwa mkono wa kuume. Kila mara wakata-watu walipopita katika kijiji kimoja cha upande wa Eringeti, mkono ule uliongeza nyama kidogo. Wako wengi walionenepa kwa vita hivi, wenye matumbo na majeep. Vagheni yeye alinenepa mahali pamoja tu, tangu bega la kuume mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto ulibaki kijiti, kazi yake kushika ubao usitembee. Wazee wetu waliuita mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kike, na kwa Vagheni ilikuwa ndoa ya kwetu kabisa: bwana anakula nyama, mama anashika sufuria.

Jambo moja lingine kuhusu mkono ule. Metre anayo, lakini metre ni ya milango na vitanda. Kwa maiti, Vagheni anapima na kiganja cha kuume, amekitandaza, tangu kidole gumba mpaka kidole kidogo, toka kichwani mpaka miguuni. Anasema si heshima kumvutia marehemu kile kitambaa cha namba mbele ya mjane.

Yote hayo hayakumsumbua mpaka mke wake Jokébed alipopata mimba. Kwa sababu mimba haijui kukimbia, walikubaliana Jokébed aende Butembo, kwa mama yake Kanyere, katika commune ya Vulamba. Vagheni atabaki Oicha kwenye kazi, na siku ya uchungu atashuka. Siku ikafika, simu ikalia, Vagheni akatupa msumeno na randa katika mfuko, visije vikaibiwa nyuma yake, na kupanda moto, ile pikipiki ya abiria. Akafika kwenye bariere moja ya askari, barabarani, ambayo sitaitaja, kwa kuwa nami napenda kuendelea kupita hapo.

Pale wanaume walikuwa wanavua mashati, ili waonekane kama mabega yana alama ya kamba ya bunduki. Aliyekuwa anatazama ni askari kijana, jina lake Grady, aliyetumwa huku toka mbali, upande wa Mbandaka, mtu wa kucheka.

— Papa, toa shati.

Vagheni akatoa. Grady akafumbua kinywa.

— Eh! Ajida, kuya uone! Huyu iko batu babili!

Akainama, akavua kamba ya kiatu chake, akaizungusha kwenye mkono wa kushoto wa Vagheni, akafunga fundo kuweka alama. Kisha akaizungusha kwenye mkono wa kuume. Fundo halikufika hata karibu. Watu wa foleni wakacheka, na Vagheni mwenyewe akacheka, maskini, akidhani ni mchezo. Ajida Laurent, mkuu wa bariere, hakucheka.

— Hii munene inakatakaka nini?

— Mbao, chef. Niko menuisier.

Ajida akafungua mfuko, akatoa msumeno.

— Na hii?

— Njo ya kukata mbao, chef.

— Bakata-batu yote banasemaka mbao.

Walimweka katika kibanda cha mabati mpaka katekista mmoja wa Oicha alipopita na kuapa kwamba sanduku la baba yake lilitoka katika mkono huo huo. Wakamfungulia, lakini wakamwambia arudi kule alikotoka. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, mvulana, na Jokébed alikuwa kwenye simu.

— Ulikuwa wapi?

— Balinifunga juu ya mukono.

— Mukono ilifanya nini?

— Hapana kufanya kitu. Ilikuwa tu munene.

Jokébed alimsikiliza kama mwanamke anayesikia uongo mpya kabisa, ambao hakuna bwana aliyewahi kuutumia.

— Sikia, akasema mwishoni. Mutoto wetu Élysée atabatizwa siku ya Mungu, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama anasema kama haukuye, atamupakata yeye mwenyewe, na padiri akiuliza baba iko nani, atajibu: anajulikana na Mungu.

Vagheni hakulala vizuri tena. Usiku aliutazama mkono wa kuume umelala pembeni yake kama mgeni aliyekataa kwenda kwake. Mwishowe akaenda centre de santé, kwa muuguzi Godelive, akavua shati bila kuulizwa, desturi aliyokuwa ameishika.

— Inakuuma?

— Hapana kuuma. Inanifungisha.

Godelive akabonyeza huku, akabonyeza kule, akamwinua kila mkono.

— Haiko ugonjwa. Moja inakula, ingine inatazama. Basi lisha ile ya kushoto. Kila kitu uanze na kushoto: bidon ya mayi, nyundo, kijiko. Na kulia isifanye kupita kile kushoto iliweza.

— Ni hiyo tu? Hakuna sindano?

— Hakuna sindano.

Alitoka amevunjika moyo kidogo. Ugonjwa bila sindano, kwetu, ni kama kilio bila chai. Lakini alifuata. Asubuhi alikuwa nyuma ya karakana, anainua bidon ya maji kwa kushoto mpaka mshipa wa shingo usimame. Akala bugali kwa kushoto, na watu wa meza wakasogeza sahani zao. Kwenye misa, padiri aliposema tupeane amani, Vagheni akanyosha wa kushoto, na mama mmoja mzee akaificha mikono yote miwili ndani ya kitenge, amani yake akaibakisha nyumbani. Sanduku la kwanza alilolikata kwa kushoto lilitoka limeinama, na wenye marehemu wakaja juu:

— Muzee yetu alikuwa mutu ya haki! Juu ya nini unamutuma mbele ya Mungu amepinda?

Akalirudilia kwa kuume, kwa kujificha, kama mlevi anayerudilia chupa. Lakini pole pole wa kushoto ulianza kuota nyama. Wiki ya ubatizo ilipofika, alijitazama katika kipande cha kioo: mapacha hapana, lakini ndugu wa baba mmoja.

Jumamosi akapanda moto, mfuko wake wa vyombo mgongoni. Kwenye bariere hapakuwa na kicheko. Ajida Laurent alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti, macho mekundu. Vagheni akavua shati kabla ya kuambiwa. Ajida akatazama mabega, akatazama mikono, hakuona kitu.

— Karte.

Na Vagheni, aliyekuwa amefundisha mwili wake kuanza kila kitu na kushoto, akatoa karte yake ya kitambulisho na kumpa. Na kushoto.

Kwetu, hata ganda la ndizi la mbuzi unalitupa na kuume. Kumpa mkubwa kitu na kushoto, afadhali umtemee mate, mate yanakauka. Kofi likafika kwenye shavu kabla karte haijafika mkononi.

— Loboko ya mwasi? Mukono ya mwanamuke? Mimi? Leo?

— Chef, unisamehe, ni muuguzi njo alisema...

— Grady amekufa hii asubuhi, balimupiga mu pori, na wewe unakuya kunipatia karte na loboko ya mwasi!

Ndipo Vagheni alipoona bâche, turubai, iliyotandazwa nyuma ya kiti, na viatu viwili vikitokea chini yake. Kimoja kilikuwa na fundo katikati ya kamba.

Ajida alimtazama sana, akatazama mfuko.

— Ni wewe ya musumeno. Ulisema uko menuisier.

— Niko, chef.

— Basi tuone. Kama ulibeba bongo, kama ulinidanganya, utalala pembeni yake.

Mbao zilipatikana bila taabu. Kulikuwa na lori la mbao lililosimamishwa tangu jana kwa kukosa karatasi, na dereva akaambiwa kwamba amechangia. Vagheni akapiga magoti, akafunua bâche. Akatandaza kiganja cha kuume pembeni ya kichwa cha Grady, akashuka nacho, gumba kwa kidole kidogo, gumba kwa kidole kidogo, mpaka kwenye lile fundo. Kijana alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana akicheka.

Kisha akashika msumeno. Wa kushoto ulitaka kuanza, kama ulivyofundishwa, na alama ya kwanza ikaenda kombo. Askari mmoja akakohoa. Vagheni akahamisha msumeno kuume, na ule mkono wenye njaa ya majuma ukaingia kazini kama ng'ombe anayerudi zizini. Ubao uliimba. Hakuna aliyezungumza mpaka kifuniko kilipokaa mahali pake, na jua lilikuwa limekwisha kuinama.

Ajida akapitisha kidole kwenye pembe, akatafuta nafasi, hakuipata.

— Iko sawa, akasema. Akamrudishia karte, na Vagheni akaipokea na kuume.

— Sasa tunajua mukono yako, Ajida akaongeza. Siku ingine hatutakusimamisha. Lakini uichunge, isipunguke. Tutaihitaji.

— Asante, chef, Vagheni akasema. Akarudisha msumeno mfukoni, akapanda moto.

Barabara baada ya giza si ya mtu mwenye mtoto. Alilala Beni, na alipofika Vulamba siku ya Mungu, misa ilikuwa imekwisha na watu wanakula. Mama Kanyere alikuwa amekaa katikati, Élysée mikononi mwake ndani ya kitambaa cheupe.

— Aah! Baba Anajulikana-na-Mungu! Karibu, mukwe wangu, mufupa imebaki.

Watu wakacheka. Jokébed hakucheka. Aliona unga wa mbao kwenye nywele, aliona shavu.

— Balikupiga?

— Kidogo.

— Juu ya mukono tena?

— Ile ingine.

Jokébed akashika mdomo, hakuna aliyejua kama ni kwa kicheko au kwa kilio. Mama yake akainuka, akamweka mtoto kwenye mkono wa kuume wa baba yake. Élysée akalala pale kama kwenye kitanda, maana nafasi ilikuwapo ya kutosha, na watu wakasema, tazama, mukono ya baba imepata kazi.

Kisha Vagheni akasikia kiganja chake kinafunguka chenyewe. Hakukituma. Kilijitandaza kwenye kitambaa cheupe, kidole gumba juu ya utosi, na kidole kidogo kikaanza kushuka kutafuta mwisho.

Akarudisha mtoto haraka kwa mama mkwe, kama aliyeungua.

— Ni nini? Jokébed akauliza.

— Hapana kitu.

Akaingiza mkono wa kuume mfukoni, mpaka chini kabisa, na kunyosha wa kushoto. Ndani ya nyumba vijiko vikasimama.

— Na kushoto? Mama Kanyere akasema. Mbele ya batu? Unapokea mujukuu yangu na kushoto?

— Na kushoto, Mama.

— Kuume iko na nini?

— Iko muchafu.

— Mayi iko pale, si unawe!

Vagheni hakuutoa mfukoni.

— Leta tu, Mama. Hii haijapima mutu bado.

Mama Kanyere akamtazama binti yake. Jokébed alisimama, akamtwaa mtoto, akamlaza mwenyewe juu ya mkono wa kushoto wa bwana wake, na kuuweka wa kwake chini ya mkono huo, kwa maana haukuwa umezoea bado kubeba.