Moshi wa Zambarau Jikoni kwa Zulfa

Hajra alijikata kwa jembe mguuni akipalilia ufuta wake kijijini Mandawa, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Ndivyo alivyokuwa tangu aachike na kurudi nyumbani kwa marehemu baba yake. Kidonda kikaoza. Alipofikishwa hospitali Nachingwea, muuguzi Teodosia alikisafisha, akakijaza shashi yenye unga wa njano unaometameta, kisha akampa kopo la shashi nyingine za kubadilishia zahanati.

"Hii inaitwa iodofomu," alisema. "Ikikutana na majimaji ya kidonda inatoa iodini kidogo kidogo, vijidudu vinakufa. Funika kopo, usiliache juani. Usihangaike kuiosha kwa maji, haiyeyuki. Harufu utaizoea, mama."

Hajra aliizoea. Wifi yake Zulfa, mke wa mdogo wake Shaibu, hakuizoea. Hawakuwa wakipatana hata zamani, na sasa harufu ile nzito ilikuwa imeingia kwenye mikeka na kwenye unga wa muhogo.

"Wifi, unanuka kama chumba cha maiti," alimwambia mbele ya watoto.

"Ningekuwa maiti ungefurahi," alijibu Hajra.

Shaibu, badala ya kumkanya mkewe, alimwambia dada yake ahamie banda la korosho. Hajra akahama, kopo kwapani.

Haikutosha. Asubuhi moja, Hajra akiwa kisimani, Zulfa aliingia bandani, akalichukua kopo, akazimwaga shashi zote kwenye moto wa jikoni. Moshi wa zambarau ukapanda, ukamshika koo. Akatoka akikohoa, macho yakimchuruzika, akipiga kelele kwamba wifi yake ni mchawi. Majirani wakajaa uani.

"Dada, umeweka nini jikoni kwangu?" Shaibu aliuliza, kafura.

"Muulize mkeo. Dawa yangu haina miguu."

Zulfa alilificha kopo tupu nyuma ya kanga. Shaibu alielewa, lakini hakumkanya mkewe. Hilo lilimuuma Hajra kuliko mguu.

Alirudi Nachingwea kwa bodaboda, akapewa dawa nyingine, akalala kwa Teodosia mpaka kidonda kilipofunga. Aliporudi Mandawa alidai sehemu yake ya shamba la baba mbele ya wazee wa ukoo, akaipata, akapanda ua wa minyaa mpakani.

Sikukuu ya Idi Shaibu alimpelekea kuku wa suluhu. Hajra alimrudisha akiwa hai, kamba ikiwa bado mguuni.