Kitenzi Nilichokisahihisha

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Tamasha la filamu huru la Braamfontein halikuwa na mfasiri wa Kiswahili. Mimi, mtu wa Tanga ninayefundisha isimu hatua chache kutoka ukumbini, nilikubali kuandika maneno ya Kiingereza chini ya picha za filamu moja fupi. Ilimhusu mama Mkongomani, fundi cherehani, aliyekuwa akiishi katika jengo moja la Jeppestown. Mwenye jengo alidai kwamba wapangaji walihama kwa hiari. Mwongozaji, kijana asiyejua Kiswahili, alikuwa amemwalika wakili mmoja anayewatetea watu waliofukuzwa makwao. Wakili naye hakujua Kiswahili. Kama mama yule angepata wa kumtetea au la, lingetegemea mistari yangu, na sote tulilijua hilo.

Karibu filamu nzima alizungumzia kushona, majirani na maji yaliyokatika. Jinsi walivyoondoka alieleza kwa sentensi moja tu: "Ile nyumba, balitutosha."

Hapo nilisimama. Nilijua, kama ajuavyo yeyote aliyewasikiliza Wakongomani wa mji huu, kwamba "ba" yao ni "wa" yetu. Lakini nyumba haiwezi kuwa "wao". Nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba msemaji amekosea upatanisho wa ngeli na kwamba alikusudia "ilitutosha". Kisha nikafasiri: nyumba ile ilikuwa ya kutosha kwetu. Niliiona sentensi nzuri, yenye staha ya mtu asiye na makuu. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Sikumpigia.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi alasiri. Mama alikuja amevaa kitenge alichokishona mwenyewe, pamoja na binti yake, mzaliwa wa hapa, anayekielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Mstari wangu ulipotokea, watu waliguna kwa upole, namna watu wanavyowagunia maskini walioridhika. Wakili aliandika kitu katika daftari lake. Binti akainama sikioni mwa mama yake.

Taa zilipowashwa, mama alinijia akiwa na binti nyuma yake.

"Papa Mwalimu, mutoto anasema uliandika nyumba ilikuwa ya kutosha."

Nilimjibu kwamba ndivyo alivyosema.

"Mi nilisema balitutosha." Akashika jino lake la mbele kwa vidole viwili, akafanya kama anayeling'oa. "Kutosha, Papa. Sawa vile banatosha jino."

Nilielewa papo hapo. Walitutoa. Upatanisho wake haukuwa na kasoro hata moja: hao "ba" walikuwa watu, waliokuja mlangoni. Ningeweza kuomba radhi na kunyamaza. Badala yake nilimwambia, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba katika Kiswahili sanifu tungesema "walitutoa".

Akanitazama kwa utulivu. "Huyo Sanifu wako, ye alikuwako pale siku ile?"

Binti alicheka, kisha akaacha.

Nilimfuata wakili mlangoni nikamweleza kosa langu lote, na kitenzi chenyewe, na namna kinavyotumika kwao mama, Lubumbashi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna mwingine aliyeipitia tafsiri ile kabla ya siku hiyo. Hakuna, nilisema. Akaeleza kwamba ukumbi mzima umekwisha kusoma kuwa mpangaji aliiridhia nyumba, na aliyeandika hivyo ni msomi wa lugha hiyo. Ushahidi unaogeuka baada ya kuonyeshwa, upande wa pili ungeuita wa kutunga, na mashaka hayo yangewaangukia hata wapangaji wengine. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma ratiba.

Nilirudi kumweleza mama. Alikuwa ameketi safu ya mwisho akikunja mtandio wake.

Jumatatu niliusahihisha mstari ule. Wakili alichukua kesi ya majirani zake wawili wanaosema Kizulu, wasiohitaji tafsiri yangu, nao wakapewa vyumba vingine. Mama hakutiwa katika orodha ya wateja wake.