Mtandao Niliouchora Jumapili

Siku ninayoikumbuka kila nikishika kalamu ya kuchora, mwanangu, ilikuwa Jumapili, na mtaa wote wa Kirumba ulikuwa umetulia. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi mpya wa mitandao ya kompyuta, nimevaa viatu vya ngozi alivyoninunulia mama yangu nilipomaliza chuo. Kampuni moja ya kununua samaki, jirani na soko la Mwaloni, ilikuwa imenipa kazi yangu ya kwanza: kuunganisha mizani ya kupokelea samaki iliyoko chini na kompyuta za ofisi ghorofani, ili kreti ikipimwa, uzito uonekane juu papo hapo.

Jumapili niliichagua makusudi. Wafanyakazi wako kanisani, hakuna kelele, hakuna wa kuniuliza maswali. Na tusidanganyane, sikutaka viatu vyangu vinuke sangara. Mlinzi alinifungulia, nikapima kuta kwa futi, nikarudi nyumbani Pasiansi nikachora ramani nzuri kwelikweli. Nyaya nilizipitisha sakafuni, njia fupi kuliko zote. Swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa mashine zote, nikaifunga ukutani usawa wa goti. Meneja aliisifu ile ramani, nami nikavimba kichwa, nikafunga kila kitu kama nilivyochora, jioni watu wakishaondoka.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja mitumbwi ilikuwa imeleta samaki wengi, lori limeshaegeshwa, nikaitwa mbio kwamba mtandao umekufa. Nilikuta sakafu imeloa. Kumbe kila siku, kabla samaki hawajaingia, akina mama wa usafi huosha sakafu na kuta kwa mpira wa maji, mpaka usawa wa kichwa. Kisanduku changu kilikuwa kimejaa maji. Nyaya nazo zilikuwa zimepondwa na toroli za barafu. Kreti zimepangwa mpaka mlangoni, barafu inayeyuka, na lori haliwezi kuondoka mpaka ofisi ipate uzito. Meneja hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba Jumamosi isipokuta mtandao unafanya kazi, atatafuta fundi mwingine. Nilijificha nyuma ya kreti nikalia.

Aliyeiokoa siku ile ni Mzee Lugata, mpimaji wa samaki, aliyekuwa kwenye mizani ile tangu mimi sijaanza shule. Alitoa chaki mfukoni akaandika uzito ukutani, kreti baada ya kreti, na mama mmoja akawa anapandisha namba ofisini kwa miguu. Lori lilipoondoka ndipo akanifuata.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Ulikuja lini kupima humu?"

"Jumapili."

"Jumapili sisi hatupo. Umepima nyumba, kazi hujaipima. Kesho njoo saa kumi na mbili asubuhi, na uvae buti."

Nilikasirika, sikufichi. Mzee wa chaki anifundishe mimi mambo ya kompyuta? Lakini nilikuwa sina pengine pa kwenda, nikaazima buti za kaka yangu, zilizonipwaya. Nilisimama pale asubuhi nzima nikitazama. Niliona maji yanapofika. Niliona toroli zinakokatia kona. Mama wa usafi akanionyesha nguzo moja ambayo haijawahi kuloa, tena akashangaa kwamba ninamuuliza. Mzee Lugata akaniambia kwamba baada ya mvua za masika ingeletwa mizani ya pili, jambo ambalo meneja hakuwahi kulitaja.

Nikachora upya. Nyaya zikapita darini. Swichi ikapanda juu kwenye ile nguzo, ndani ya boksi lenye mlango, pamoja na betri ya kushikilia umeme ukikatika. Nikaweka waya wa akiba unaopita njia nyingine, na nafasi ya ile mizani ya pili. Jumamosi Mzee Lugata akaweka kreti ya kwanza, na ghorofani wakaita kwamba namba imefika. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye akageuka, akaiandika namba ileile ukutani kwa chaki.

"Mzee, huniamini?"

"Nakuamini. Hii ni ya siku mtandao utakapogoma."

Baadaye kampuni ilipopaka rangi ukumbi ule, niliomba kipande kile cha ukuta chenye chaki kiachwe.

Sasa na wewe umepata kazi yako ya kwanza, ghala la pamba kule Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na nimesikia unataka kwenda kupima Jumapili kwa sababu kumetulia. Mwanangu, nenda siku ambayo watu wanagongana mlangoni. Usianze na meneja, anza na anayefagia na anayebeba, uwaulize maji yanapita wapi, mzigo unapita wapi, na mwakani wanategemea nini. Chora kwa penseli ili usione uchungu kufuta. Na kabla hujawasha chochote, jua watu watafanyaje kazi siku kitakapozimika.

Buti zile kaka hakuzidai tena. Ziko hapo nyuma ya mlango, zichukue. Mungu akutangulie uvukapo ziwa, akupe masikio ya kuwasikia wasioitwa mkutanini, na akukutanishe na Mzee Lugata wako mapema kuliko nilivyokutana na wangu.