Barua za Kurasa Saba Karibu Zininyime Bibi

"Mwalimu Joash, mimi siwezi kuolewa na siafu."

Hiyo ndiyo barua niliyopata nikifundisha kijijini Bahati, karibu na Nakuru, Juni 1957. Mstari mmoja tu, na chini yake jina: Chepchirchir.

Wacha nieleze. Msicheke kwanza.

Nilikuwa mwalimu, miaka ishirini na mbili, viatu safi, kichwa kigumu. Mzungu mmoja akihama aliachia shule yetu sanduku la vitabu. Kimoja kiliandikwa na mtu wa kutembea msituni peke yake.

Kwake hakukuwa na kitu kidogo. Anaanza na mdudu, anazunguka weee, anamalizia kwa Mungu.

Bana, nilishikwa! Hata barua yangu ya kuomba chaki ilianza na ukungu wa mlima Menengai.

Chepchirchir alifundisha kwao Keringet, mbele ya Molo. Tulijuana kwa kozi ya walimu Nakuru, nikampenda hapo hapo. Mwaka mzima nikamwandikia, kurasa saba saba.

"Nimeona tone la umande juu ya ua la pareto, na ndani yake jua lote, na ndani ya jua roho yangu, ambayo pia ni roho ya ua..."

Neno nakupenda? Hata mara moja. Nilidhani limo humo ndani.

Ya mwisho ilikuwa ya siafu wakihama. Kurasa kumi na moja. Ndiyo akajibu vile.

Nikamwonyesha Naftaly, mwalimu mwenzangu. Akageuza karatasi.

"Na huku nyuma umesoma?"

Kwa penseli: "Kemboi anakuja kwetu Jumamosi. Yeye huongea."

Naftaly alicheka mpaka akakaa chini. "Joash, unanyang'anywa bibi na mtu hajaandika habari ya hata jani moja!"

Mimi sikucheka.

Jumamosi alfajiri nikadandia lori ya viazi mpaka Molo, halafu miguu mpaka kwao Chepchirchir. Matope mpaka magotini. Mawingu yalikuwa mazuri ajabu. Sikuyaangalia.

Nilimkuta akikamua ng'ombe.

"Chepchirchir, ukungu wa leo asubuhi..."

"Joash!"

Nikauacha ukungu. "Nakupenda. Nataka nikuoe. Kama nimechelewa, niambie nirudi."

Akaacha kukamua.

"Mwaka mzima nimepekua zile kurasa," akasema polepole, "nikitafuta hayo maneno tu."

"Na jibu?"

"Ndiyo. Tena ndiyo ya kitambo."

"Sasa Kemboi je?"

Akaita kuelekea zizini. Akatoka mzee wa mvi, sindano ya ng'ombe mkononi, tayari anasimulia kitu.

"Mjomba wangu. Amekuja kuchanja ng'ombe," Chepchirchir akasema, uso mkavu kabisa. "Nilidanganya wapi? Si anaongea?"

Aliongea mpaka jioni.

Nilikaa na huyo mama miaka hamsini na nane, mpaka nilipomzika.

Vijana wa meseji ndefu, andikeni mambo ya mawingu, hakuna amewakataza. Lakini kama unampenda mtu, mwambie kwa ukurasa wa kwanza. Mimi nilipoteza mwaka mzima ambao ningekuwa naye.